Ukuta Ulioota Maharage

Naikumbuka siku ambayo mama mmoja wa Kibondo alichuma mboga kwenye ukuta wa nyumba yangu, mwanangu, na naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Harusini nilivaa viatu vya kuazima vilivyonibana, nikawa nawaza vidole tu. Siku ya mboga nilikuwa pekupeku, kwa hiyo akili yote ilikuwa huru kuona aibu.

Nimeikumbuka kwa sababu ya kijana mmoja hapa njia panda anayebandika mabamba ya rangi nje ya nyumba yake ya wageni. Yanang'aa mpaka bodaboda wanapunguza mwendo. Nilisimama nikamuuliza, "Nyuma ya hayo mabamba umeweka nini?" Akanijibu, "Mzee, nyuma huko nani anaangalia?" Nilicheka mpaka nikashika fimbo kwa mikono miwili. Kwangu mimi kuna mtu aliangalia. Kaa nikusimulie kabla hujaanza kujenga.

Tangu utoto mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu tuliomaliza nao kidato cha nne walitawanyika kama vifaranga walioona kipanga. Huyu Mwanza, yule Dar es Salaam, wengine wakapata vibarua kwenye makambi ya wakimbizi, wakawa wanarudi na redio na miwani ya jua. Mimi nilikwenda Kigoma mara moja, nikaliona ziwa, nikakubali kwamba ni kubwa, nikapanda basi la kurudi. Marafiki walisema nikifa nizikwe chini ya kiti changu, ili nisisumbuliwe na safari ya makaburini.

Mtu wa namna hiyo akitaka kuoa, lazima mke aje alipo. Generoza alikuja na kwaya kutoka Kibondo, wakaimba kanisani kwetu. Nilipomweleza kwamba sijawahi kulala nje ya nyumbani kwa hiari yangu, hakunicheka kama wengine. Alisema, "Basi utakuwa rahisi kupatikana." Nikajua nimempata wangu.

Wazee walikaa, mahari ikazungumzwa, wakaelewana. Kilichobaki ni nyumba. Kwao Generoza binti hatoki mpaka shangazi yake, dada wa baba, aje aione nyumba kwa macho na kuigusa kwa mkono. Na hukohuko Kibondo kulikuwa na dereva wa lori, mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma, aliyekuwa anasubiri tu mimi niteleze.

Nyumba yangu ilikuwa ya matofali mabichi niliyoyafyatua mwenyewe, juu ya mgongo wa kilima, ukishapita mji wa Kasulu. Mvua ya huku kwetu unaijua: haishuki, inatupwa. Inakuja na upepo kutoka bondeni na kupiga ukuta uleule kila mwaka, kana kwamba walikosana zamani. Tofali bichi likipigwa hivyo linarudi kuwa udongo. Halafu mimi, kwa kupenda chumba kirefu kilichomeza mabati, nilikuwa nimeufupisha upenu wa bati mpaka ukawa kama ukingo wa kofia ya mtoto.

Hapo ndipo kidato cha nne kikanipanda kichwani. Tulifundishwa kwamba hewa iliyotulia huzuia joto lisitoroke, na ndiyo maana blanketi lina faida. Nikasema, basi ukuta wangu nitauvika blanketi. Wapasua mbao waliniachia mabanzi, yale maganda ya gogo yanayobaki mbao zikishatoka. Nikayasimamisha yote wima upande wa mvua, miguu ardhini, yakiwa yamebanana, nikaacha uwazi kati yake na ukuta. Ule uwazi nikaujaza makapi ya maharage. Nani Kasulu alikosa makapi ya maharage? Tulikuwa tumetoka kuvuna na kupura, kila ua una kichuguu chake. Nikayamimina kwa juu kama mtu anayejaza gunia, nikayashindilia kwa mwiko wa ugali. Mama alikuja kuutafuta mwiko wake, akasimama akinitazama.

"Filimoni, unafanya nini?"

"Nauvika ukuta koti, Mama."

"La makapi?"

"La makapi."

"Koti la namna hiyo mbuzi huwa wanalivaa tumboni," alisema, akachukua mwiko wake, akaondoka.

Lakini mwanangu, ulipendeza! Kiangazi kizima wapita njia walisimama kuuangalia. Ndani kulikuwa na joto zuri hata asubuhi za baridi ya Julai, zile za kukufanya uzungumze na uji kabla hujaunywa. Kitabu hakikunidanganya. Ila kitabu kilikuwa kimezungumzia blanketi kavu.

Mvua za Novemba zilianza. Nyumba ikaanza kunukia kama pombe inayochachuka. Mama akanusa, akaniangalia kwa jicho la mtu wa jumuiya ya kanisani anayedhani napika pombe. Nikamwambia ni harufu ya nyumba mpya, na mimi mwenyewe niliamini. Katikati ya hali hiyo basi la kutoka Kibondo likamshusha Shangazi Skola barabarani chini. Alipanda kilima mwavuli mkono mmoja na viatu mkono mwingine, mama mfupi, mpana, asiyehema.

Tulisalimiana kwa makofi kama ilivyo desturi, salamu ndefu, watu, ng'ombe na mihogo, wote wakatajwa. Mama alikuwa amekwisha niweka sawa: yule ni mkwe. Nisimkodolee macho na nisiseme naye uso kwa uso. Nikiwa na neno, nimwambie yeye Mama, naye atalifikisha. Nikatii. Shangazi akakaribishwa kiti, akakaa, akauegemea ukuta wangu kwa raha ya mtu aliyetoka safari. Kisha akajitoa taratibu. Akapeleka mkono mgongoni, akauleta mbele, akautazama: umelowa. Akainuka, akatoka nje, akazunguka nyuma ya nyumba.

Tulisubiri. Mama alikuwa anasali, niliona midomo.

"Mama Filimoni!" sauti ikaita. "Njoo uone shamba!"

Tukakimbia. Jamani! Katika kila ufa kati ya banzi na banzi palikuwa na kijani. Punje zilizosalia kwenye makapi zilikuwa zimelowa, zimefura, zimeota, zikapenyeza vichwa nje kutafuta jua. Ukuta mzima ulikuwa na majani mawilimawili, mororo, kama darasa la chekechea lililonyoosha mikono. Shangazi Skola alikuwa anachuma na kutia kwenye kanga yake, mabega yanatikisika kwa kicheko.

"Mwambie mwanao," alimwambia Mama huku akinitazama mimi, "nyumba hii ina chakula, hilo sikatai. Ila mimi nilitumwa kukagua mahali pa kulala."

Jioni hiyo tulikula ugali wa muhogo na ile mboga. Sijui mtu mwingine aliyewahi kula ukuta wake. Ilikuwa tamu, na hilo lilinikera.

Tulipomaliza kula Shangazi aliacha mzaha. Alisema Generoza alipokuwa mdogo aliugua kifua, na yeye ndiye aliyekaa naye hospitali, akisikiliza pumzi ya mtoto inavyokoroma, asijue kama itafuata nyingine. "Mama Filimoni, sikumtoa pale ili nije nimlaze ubavuni mwa ukuta unaotoka jasho. Kijana wako ninampenda. Lakini kifua cha binti yangu hakijui mapenzi."

Kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba sikuruhusiwa kusema.

Usiku ule mvua iliondoka na kalavati la barabarani. Asubuhi habari zikaja kwamba hakuna basi la kwenda Kibondo mpaka barabara itengenezwe na ikauke. Shangazi akavua kitambaa cha safari, akafunga cha kazi. "Basi nimekaa," alisema. "Siku nitakayosikia honi pale chini, naondoka na jibu. Ukuta ukiwa mkavu, jibu ni ndiyo. Ukiwa hivi ulivyo, yule dereva wala si mtu mbaya."

Ona jinsi nilivyobanwa, mwanangu. Nilihitaji jua ili ukuta ukauke, na jua hilohilo ndilo lingekausha barabara na kuleta basi. Nilikuwa mtu pekee kijijini aliyekuwa anatazama anga asijue aombe nini.

Nilitaka kuyang'oa mabanzi yote siku hiyohiyo kwa hasira. Bahati nzuri mimi ni mvivu wa hasira pia. Nikang'oa machache, moja huku na moja kule, nikachukua kigoda, nikajifunika mfuko wa mbolea kichwani, nikakaa mbele ya ukuta kuisubiri mvua ya mchana. Kazi ya kukaa naijua. Ikaja, nami nikakaa ndani yake.

"Filimoni!" jirani alipaza sauti akipita mbio. "Unauchunga huo ukuta?"

"Ndiyo, usije ukatoroka!"

Mara nikasikia kigoda kingine kinawekwa kando yangu. Shangazi Skola, na mwavuli wake. Mama naye akalazimika kusimama kati yetu, amejifunika beseni kichwani, maana bila yeye hatukuweza kuzungumza.

"Mama Filimoni, muulize mwanao anaona nini."

"Anauliza unaona nini."

"Mama, mwambie Shangazi naona maji ya batini yanaingia kwa juu, banzi liko wazi kama mdomo. Mengine yanapita kwenye nyufa, yanateremka mgongoni mwa banzi."

"Muulize, yakifika chini yanakwenda wapi?"

Mama hakuwahi hata kuliwasilisha swali. Niliinama nikachungulia chini. Miguu ya mabanzi ilikuwa imezama ardhini. Makapi yalikuwa yamejaa hadi chini. "Mwambie... hayaendi, Mama. Yanakaa."

"Eeh," alisema Shangazi, na alisema kwa upole. "Mwambie amehangaika sana kuyazuia maji yasiingie. Hakujiuliza hata kidogo, yakishaingia yatatokea wapi. Na maji yataingia tu. Yeye si wa kwanza kuletewa mvua."

Hilo ndilo karipio nililolipata, mwanangu, katikati ya mvua, kupitia kwa mama yangu aliyevaa beseni. Sijapata lingine zuri kama hilo.

Tulibomoa siku iliyofuata. Yale makapi yalitoka meusi, yana joto, yananuka kama kilabu cha pombe. Tukayapeleka shambani yakawe mbolea. Ukuta ukabaki uchi, nikaona aibu kwa niaba yake, umelika kiunoni kama muhindi uliopitiwa na panya. Siku za jua tuliuacha ukauke, wingu likitokea tukaufunika kwa plastiki. Nikaziba palipolika, nikaupiga lipu ya udongo na mchanga. Wakati huo mafundi wa barabara walikuwa wanasikika bondeni wakipiga mawe, na kila pigo lilinigonga hapa kifuani.

Blanketi hatukulitupa, Shangazi mwenyewe alikataa. "Joto lilikuwapo, nililisikia. Kilichokosekana ni ukavu." Tukapepeta makapi mengine, tukayapepeta tena mpaka hata punje moja ya kuota haikubaki, tukayachanganya na majivu kwa ajili ya mchwa, tukayashona ndani ya viroba kama magodoro, tukayatundika ukutani. Juu ya magodoro tukatandaza plastiki za ndani ya mifuko ya mbolea, tukianza chini kwenda juu, ili ya juu iilalie ya chini. Kisha fito za wima. Mabanzi tukayapigilia kwenye hizo fito, safari hii yamelazwa, kila moja likiukanyaga ukingo wa mwenzake wa chini kama manyoya ya kuku. Hapo kati ya plastiki na banzi pakabaki njia ya upana wa vidole viwili, tupu, ya hewa na maji. Miguu ikaishia juu ya ardhi, usawa wa goti, chini pakiwa wazi na kipande cha chandarua kuukuu cha kuzuia panya. Juu kabisa tukakunja bati la madebe likatoka nje na kuurefusha ule upenu wangu wa kitoto.

Yote hayo tulifanya kwa mkalimani. Mimi nimeshika ncha hii ya banzi, Shangazi ameshika ncha ile, Mama yuko katikati. "Mama, mwambie Shangazi ainue kidogo." "Ainue kidogo, anasema." "Muulize kidogo ya wapi, ya Kasulu au ya Kibondo?" Siku ya pili ya mwendo huo banzi likamponyoka mmoja wetu, sitamtaja, likatua juu ya kidole changu gumba.

"Shangazi, mguu! Mguu wangu!"

Mama alishika mdomo. Shangazi Skola aliliinua banzi, akakitazama kidole, akanitazama usoni.

"Kumbe una mdomo," alisema. "Na sauti ya kwanza, tena. Kwaya watafurahi."

Tangu hapo Mama akastaafu ukalimani, na banzi moja likawa linachukua robo ya muda wa mwanzo.

Msumari wa mwisho niliupiga asubuhi yenye anga safi, bila wingu hata la kusingiziwa. Sikuwa nimeteremka kwenye ngazi honi ikalia bondeni. Poo! Basi la Kibondo limefika, linapakia.

Shangazi alitoka na mkoba wake. Aliutazama ukuta. Aliitazama anga.

"Ni mzuri," alisema. "Lakini haujanyeshewa. Nikasemeje kwao? Kwamba ni mkavu kwa sababu hakuna mvua?"

"Shangazi, kesho itanyesha."

"Kesho mimi niko Kibondo, Filimoni. Na ndugu zangu wamechoka kusubiri." Na niliona kwamba hata yeye ilimwuma.

Wakati huo wanawake walikuwa wanapanda kutoka kisimani na ndoo vichwani, mstari mzima, wanapiga soga. Mama yangu, yule mama wa taratibu zote, aliingia katikati ya njia akanyoosha mikono.

"Jamani dada zangu! Nisaidieni maji, mwanangu aoe!"

"Maji ya kunywa?"

"Ya kumwaga! Kwenye ukuta! Kwa nguvu, kama vile amewakosea!"

Hawakuuliza mara mbili. Mwanangu, kuna furaha iliyojificha ndani ya mtu aliyeruhusiwa kumwagia nyumba ya jirani ndoo ya maji. Wakaanza kurusha. Mmoja akapanda ngazi yangu akamimina kwa juu, mwingine akapiga kutoka pembeni kama upepo wa bondeni. "Hii ya kutokwenda Mwanza!" "Hii ya kucheza ngoma harusini umekaa!" Waliomaliza maji ya ndoo wakarudi kisimani mbio kuongeza. Basi likapiga honi, wakalizomea. Na chini ya mabanzi, mwanangu, pale usawa wa goti, niliona maji yanachungulia, yanatoka, yanatiririka kwenda zake shambani kama watu waliotoka ibadani.

Shangazi Skola aliingia ndani, sisi tukabanana mlangoni, tumelowa chapachapa. Alichukua gao la unga wa muhogo kwenye kapu la Mama, akaupaka ukutani kwa kiganja, juu, katikati, chini kabisa. Ukuta mbichi huugeuza unga kuwa uji. Akasubiri. Akapuliza.

Unga ulipeperuka wote, mweupe, mwepesi, ukamwingia yeye mwenyewe puani. Akapiga chafya kubwa iliyomtikisa kilemba.

"Mkavu!" alisema, machozi yanamtoka, sijui ya chafya au ya nini. "Mkavu, jamani! Mwambieni yule dereva wa basi asubiri, nina salamu za kubeba!"

Vigelegele vilivyopigwa pale vilifika bondeni kabla yake.

Sasa mwanangu, na wewe kijana wa njia panda unayenisikia kwa kujifanya husikii, shika haya. Usivike ukuta uliolowa, ukaushe kwanza, hata kama watu wanasubiri kusifia. Joto lihifadhi karibu na ukuta, mvua iishie nje, na kati yao acha njia tupu. Juu funika, chini acha wazi, na kila kipande kimlalie mwenzake wa chini. Halafu kabla hujakabidhi nyumba, imwagie maji wewe mwenyewe, usiiachie mvua ikufanyie mtihani mgeni akiwa ndani. Na watu tunaoishi nao ni hivyohivyo. Manung'uniko yataingia tu nyumbani kwako, hata ufunge vipi. Yaachie mahali pa kutokea, yasije yakakaa kimya nyuma ya sura nzuri. Mimi na Generoza tumegombana masika mengi, na kila mara tumeuliza swali lile la Shangazi: haya, sasa yatokee wapi?

Nenda ukajenge. Mungu akupe ukuta mkavu na kifua chepesi, akupe wa kukukaripia kwa upole ungali na muda wa kurekebisha, na siku utakapohitaji maji, akukutanishe na wanawake wanaotoka kisimani ndoo zao zikiwa zimejaa.